Sura Yangu, Jina la Fransis

Wiki jana niliishia pale mdogo wangu Fransis aliposimama katikati ya chumba changu, Mtoni Mtongani, ameshika kitambulisho changu cha kazi. Picha yangu, jina lake.

Kwa ambaye hakuwa nasi tangu mwanzo, mambo yenyewe ni haya. Mie naitwa Albano Mchopa. Mama yetu alivuka Ruvuma mwaka sabini kukimbia vita vya Mreno, mie nikiwa mgongoni, Fransis akiwa tumboni. Miezi miwili baadaye Fransis akazaliwa Newala. Kwa hiyo yeye ni Mtanzania, ana cheti cha kuzaliwa chenye mhuri. Mie ni mtu wa Msumbiji. Mama mmoja, baba mmoja, safari moja.

Nimekua hapa, nimesoma hapa, nimeoa hapa, na muda wote huo nikatembea na kadi ya ukimbizi mfukoni. Kila msako wa mgambo, kila mwenye nyumba mpya: kitambulisho. Fransis akiulizwa anasema, "Mie wa Newala, bwana," anapita. Mie nilipojaribu kusema hivyo hivyo sauti ilinitetemeka, nikadakwa.

Mwaka tisini na tatu nikaambiwa kwetu kumetulia, kadi imekufa, nirudi. Nirudi wapi? Kijiji chenyewe sijui hata njia ya kuingilia. Mwaka uliofuata kiwanda cha magodoro pale Chang'ombe kikauzwa kwa tajiri mpya, naye akataka kila anayeomba kazi alete cheti cha kuzaliwa. Nikafungua sanduku la bati la Fransis nikachukua chake. Sikumwambia. Miezi minane nikafanya kazi kwa jina lake.

Msomaji mmoja wa Tandika amemwandikia mhariri kwamba mie ni mwizi na gazeti lisinipe nafasi. Barua nimeonyeshwa. Ni kweli, ni mwizi. Lakini asome mpaka mwisho ajue niliibiwa nini.

Turudi chumbani.

Ilikuwa Jumapili, jua limeanza kupungua ukali. Fransis alikuwa dereva wa tipa, anasomba mchanga wa Kinyerezi kupeleka kwa wajenzi. Siku hiyo alikuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Shati langu la kazi lilikuwa limetundikwa mlangoni, kitambulisho kimening'inia mfukoni. Ndicho alichokiona.

"Toka lini?" akauliza.

"Toka Novemba."

"Kwa hiyo mie nimeajiriwa kiwandani miezi minane na sina habari."

Nikajiandaa kupigwa. Fransis ninayemjua angenipiga. Tangu tukiwa watoto, tukigombana hata kwa kichwa cha samaki, neno lake lilikuwa moja: "Wewe mgeni, nyamaza." Siku tuliyopeleka posa kwa kina Mwajabu, niliyekuja kumwoa, mbele ya wajomba zake wa Kizaramo waliokaa mkekani na kofia zao, Fransis alikohoa akasema, "Msije mkasema hatukuwaambia. Kaka yangu si raia." Posa ilirudishwa. Ilinichukua mwaka mzima kurudi kwenye mkeka ule.

Huyo ndiye niliyemtegemea. Badala yake akaketi kitandani, akakigeuza kitambulisho nyuma na mbele, akakirudisha mfukoni mwa shati langu taratibu kama mtu anayemfunika mtoto.

"Yaishe, braza," akasema. "Sie ndugu. Jina langu ni jina lako."

Sikuamini masikio yangu.

"Hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Umekula. Ningekuwa mie ningefanya hivyo hivyo." Akatupa macho chumbani. "Ila ile kadi yako ya ukimbizi umeiweka wapi?"

"Ya nini?"

"Nauliza tu. Isije ikakutwa humu ndani ikakuponza, wakati wewe sasa ni Fransis."

"Ipo kwenye begi, chini ya kanga za Mwajabu."

"Ifiche vizuri," akasema.

Akaomba alale kwangu siku mbili tatu, eti amekorofishana na mwenye gari. Nikamwambia kaa, ndugu yangu. Niliona haya hata kumtazama. Nilimwambia mke wangu amkaangie samaki, changu yule mkubwa. Mwajabu akanitazama, maana samaki huyo alikuwa wa kuuza, lakini akamkaanga.

Siku nne Fransis hakutoka nje. Hata kwenda msalani alichungulia kwanza. Binti yetu Lulu, ana miaka mitatu, akamzoea, akawa anamletea vijiti acheze naye. Nami kila asubuhi nikavaa shati langu, nikatundika jina lake kifuani, nikaenda Chang'ombe nikijiambia kwamba hatimaye nimepata mdogo.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa napima sponji, Twalib akaja. Twalib alikuwa msimamizi wetu, mtu wa Mtoni, mpole, anayeswali adhuhuri yake nyuma ya ghala.

"Fransis, ofisini wanakutaka."

Nilijua kutokana na sauti yake. Mtu aliyeishi na karatasi ya wasiwasi huijua sauti hiyo. Walikuwepo wawili, wamevaa kiraia. Mmoja mnene, mtu wa bara, anayeongea polepole kama anapima kila neno. Baadaye nilijua ni Sajenti Brightson.

"Wewe ndiye Fransis Mchopa?"

Hapo ndipo ningeweza kusimamisha kila kitu. Kinywa changu kilikuwa kimezoea miezi minane.

"Ndiye mie, afande."

Pingu. Nikadhani ni kwa ajili ya cheti. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niombe msamaha, niseme nitakirudisha leo leo, wasinipeleke Uhamiaji.

"Jumapili saa nne asubuhi," akasema Sajenti, "Kinyerezi. Tipa la mchanga. Mama mmoja alikuwa anatoka kanisani."

Sikumwelewa.

"Tipa gani, afande?"

"Ulilolitelekeza barabarani ukakimbia. Umesahau leseni yako juu ya dashibodi. Mwenye gari ametoweka, ila jina tumelitafuta kwenye orodha za waajiri mpaka tumekupata."

Twalib akaingilia. "Afande, samahani. Huyu namjua. Huyu hata baiskeli hajui kuendesha."

"Ndiyo maana amegonga mtu," akasema Sajenti.

Nilipakiwa kwenye Landirova. Kutoka Chang'ombe hadi kituoni si mbali, lakini njia ile ilinitosha kuunganisha mambo. Jumapili. Vumbi la magotini. Kuchungulia kabla ya kwenda msalani. "Yaishe, braza." Hakunisamehe. Aliona jina lake limebandikwa kwenye sura ya mtu mwingine, na akajua Mungu amempa mtu wa kumbebesha.

Hasira iliyonipanda sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe. Nilitamani Landirova ipinduke. Ningekuwa na mkono mmoja huru ningeng'oa kiti. Na mbaya zaidi, kila nilipotaka kumlaani, ulimi ulirudi kwangu mwenyewe. Nani alilichukua jina? Nani aliliandikisha kiwandani pamoja na mtaa, nyumba na mjumbe? Polisi hawakumtafuta Fransis. Walifuata karatasi, na karatasi nilizijaza kwa mkono wangu.

Kituoni nikawekwa mbele ya meza. Sajenti akatoa leseni. Picha ilikuwa imelika kwa jasho, limebaki paji la uso na pua. Akaniinua kidevu, akaitazama picha, akanitazama mie.

"Pua hii," akasema.

"Pua ya ukoo wetu, afande."

"Kwa hiyo unakubali ni yako."

Nikanyamaza. Msinione mjinga. Niliwaza hivi: nikisema mie ni Albano, nimetoka kwenye pingu hizi naingia kwenye nyingine. Mgeni asiye na kibali, tena aliyeghushi. Watanivusha mto kabla Lulu hajajua kuhesabu mpaka kumi. Nikibaki Fransis, labda shahidi atakuja aseme siye huyu. Labda Fransis mwenyewe ataona aibu, aje. Ndiyo, hata dakika ile nilimtegemea.

Nikaamua kunyamaza. Ningenyamaza mpaka jioni, kama mlango usingefunguliwa.

Aliyeingia ni mwanamume wa makamo, shati jeupe, kitambaa cheusi kimebanwa kwa pini kifuani. Askari wa mlangoni alimwita mwalimu.

"Mwalimu Projestus," Sajenti akasema, "nilikuambia usubiri nyumbani."

"Simgusi, afande. Nina swali moja tu, halafu naondoka."

Akavuta kiti akaketi karibu nami kiasi kwamba magoti yetu yaligusana. Hakuwa na harufu ya pombe wala macho ya mtu anayetaka kuua. Angekuwa nayo ningepata nafuu.

"Mke wangu anaitwa Kokuberwa," akasema. Kisha akajisahihisha. "Alikuwa anaitwa. Amefariki jana mchana. Toka Jumapili hospitalini hakufumbua macho."

"Pole, mwalimu," nikasema.

"Mama anayeuza mihogo pale njiani ameniambia gari lilisimama. Dereva akashuka. Akachuchumaa pale alipoangukia mke wangu. Mke wangu alikuwa anaongea. Huyo mama ameona midomo ikitembea, hakusikia. Halafu dereva akakimbia." Akanyoosha vidole vinne. "Nina watoto wanne. Wananiuliza mama alisema nini. Sikuulizi kwa nini ulikimbia. Nakuuliza alikuambia nini."

Nilimtazama.

"Mwalimu, sijui."

"Hujui au hutaki?"

"Sijui."

"Ulichuchumaa kwake." Sauti yake ikaanza kupasuka. "Ulimtazama usoni. Unaninyima nini sasa, na wewe umeshakamatwa? Itakupunguzia nini?"

Naye akasimama, na kwa mara ya kwanza nikaiona hasira yake. Ilikuwa mikononi. Alishika ukingo wa meza mpaka kucha zikabadilika rangi.

"Mtu gani wewe," akasema.

Nataka mjue kwamba sikusema kweli kwa sababu ya wema. Nilisema kwa hasira. Maneno ya mwisho ya mke wa mtu yalikuwa kwa Fransis, na Fransis alikuwa nyumbani kwangu amelala kwenye mkeka wangu, ameshiba samaki wangu. Na mie nimekaa hapa napokea laana zake kwa sababu naogopa karatasi. Miaka ishirini na tano naogopa karatasi. Nikachoka.

"Hukunikosea, mwalimu," nikasema. "Umekosea mtu. Mie si Fransis. Fransis ni mdogo wangu, yuko nyumbani kwangu Mtongani toka Jumapili. Mie naitwa Albano. Nimezaliwa Msumbiji. Sina kibali. Cheti nilikiiba ili nipate kazi. Afande, andika. Nipeleke unakotaka, lakini kwanza mkamateni yule, mwalimu amwulize."

Nikahisi mwili umekuwa mwepesi. Nimelipasua, basi.

Sajenti hakuandika. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyesikia kitu cha kuchekesha msibani.

"Rudia jina lako."

"Albano Mchopa."

Akageukia mlangoni. "Koplo. Mlete yule Albano."

Nilidhani nimesikia vibaya.

Fransis akaingia. Hakuwa na pingu. Alikuwa amevaa shati langu la buluu, lile la kanisani, na mkononi kwa koplo kulikuwa na kadi yangu ya ukimbizi, iliyokunjika pembe. Picha ya kadi ile nilipigwa nikiwa na miaka kumi na saba. Ingeweza kuwa ya yeyote kati yetu.

"Askari wangu walikwenda nyumbani kwako saa tatu asubuhi," Sajenti akasema, "kwa anwani uliyoandika kiwandani. Wamemkuta huyu. Hakuwasumbua. Ametoa kadi mwenyewe, amekiri yeye ni Albano, raia wa Msumbiji, yuko nchini kinyume cha sheria. Amesema mdogo wake Fransis ni dereva na amemhifadhi. Kesho anakwenda Uhamiaji, watamrudisha kwao. Sasa wewe unaniambia Albano ni wewe."

"Huyo ndiye Fransis."

"Kila mkosaji leo anataka kuwa mgeni," akasema Sajenti.

Fransis akanisogelea. Akaweka uso wa huzuni, uso wa mtu mkubwa.

"Fransis, mdogo wangu," akaniambia. "Kubali tu yaishe. Mwalimu wa watu ana uchungu."

Sikumbuki niliinukaje. Nakumbuka kiti kimeanguka, nakumbuka shingo yake ikiwa kati ya pingu zangu, na koplo akinivuta kwa mkanda wa suruali. Nilipigwa rungu la bega nikaachia. Nilimwambia kwa Kimakonde, maana Kiswahili kilinitoka:

"Mwambie huyu baba mkewe alisema nini. Hilo tu. Mengine yote chukua."

Naye akanijibu kwa Kimakonde, polepole, huku anajishika koo na kuonyesha sura ya mtu aliyeonewa:

"Wewe ulichukua jina langu. Mie nimechukua lako. Ugomvi uko wapi?"

"Watakuvusha. Kule hukujui."

"Watanivusha leo, wiki ijayo nimerudi. Nani atanizuia? Mie wa Newala."

Naapa, ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kitu nilichonyimwa maisha yangu yote. Kufukuzwa nchini, jambo lililonitoa jasho usiku na mchana tangu nina akili, kwake lilikuwa matembezi. Angevuka, angenywa pombe wiki moja, angerudi kwa mtumbwi ule ule. Na mie ningebaki hapa nikifungwa kwa jina lake, katika nchi yake, kwa kifo alichosababisha yeye.

"Ongeeni Kiswahili," Sajenti akafoka. "Wamesema nini, koplo? Kuna Mmakonde humu kituoni?"

Hakukuwa na Mmakonde.

Mwalimu Projestus alikuwa amejibanza ukutani. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, pua ile ile, paji lile lile, na niliona anavyojaribu kuchagua wa kumchukia.

"Afande," akasema, "lazima kuna mtu anayewajua."

"Yupo," akasema Sajenti. "Kaunta, toka asubuhi."

Akaingizwa Mwajabu.

Mke wangu alikuwa na ushungi wake wa kutokea na ndala mguuni, moja si jozi ya nyingine. Walimchukua kwa haraka. Lulu alikuwa amemwacha kwa jirani. Aliponiona na pingu, mdomo ukamcheza, lakini hakulia. Baadaye ndipo nilipojua kilichotokea nyumbani. Polisi walipogonga, Fransis alimnong'oneza: "Shemeji, nyamaza. Wamekuja kumtafuta kaka kwa ajili ya vibali. Najitoa badala yake." Naye akanyamaza, akimwombea dua mwizi.

"Dada," Sajenti akasema, "hawa wawili unawajua?"

"Nawajua, afande."

"Mumeo yupi?"

Akaninyooshea mkono. "Huyu."

"Na yule?"

"Shemeji yangu."

"Vizuri. Sasa sikiliza. Mmoja wao ni Fransis Mchopa, dereva, aliyemgonga mke wa mwalimu huyu, na mke wa mwalimu amefariki. Mwingine ni Albano Mchopa, mgeni, hana kibali. Kila mmoja anasema ni Albano. Wewe umelala nyumba moja na mumeo miaka mingapi?"

"Mitano."

"Basi wewe hukosei. Mumeo anaitwa nani?"

Mwajabu akamtazama Fransis. Niliona limemwingia. Aliuona uongo wote toka Jumapili, samaki, mkeka, minong'ono, na macho yake yakawa mekundu ghafla.

"Kumbe wewe," akamwambia.

Fransis akatazama sakafu.

Moyo wangu ukatulia. Nikasema, Mungu mkubwa, imekwisha. Atanitaja, mwalimu atapata jibu lake, nami nitakwenda Uhamiaji nikiwa nimenyooka. Nilikuwa tayari.

"Sema, dada," Sajenti akasema. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi.

"Afande, kabla sijajibu naomba kuuliza."

"Uliza."

"Huyo Albano anapelekwa wapi?"

"Uhamiaji. Watamrudisha kwao Msumbiji."

"Akirudishwa, anaweza kuja tena?"

"Haruhusiwi. Akikamatwa tena anafungwa, kisha anarudishwa tena."

"Na mkewe? Na mtoto?"

Sajenti akainua mabega. "Hao ni Watanzania. Wanabaki kwao."

Mwajabu akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea maelekezo ya dawa.

"Na huyo Fransis?"

"Fransis anakwenda mahabusu Keko, anasubiri kesi."

"Keko hii hii?"

"Hii hii."

"Mtu anaruhusiwa kwenda kumwona ndugu yake? Kumpelekea chakula?"

"Siku za kuona wafungwa, ndiyo."

Hapo nikaanza kuogopa. Nilimjua mke wangu. Kila asubuhi alibeba ndoo ya samaki kichwani kutoka Mtongani, akapita Mtoni na Temeke mpaka karibu na Keko, akarudi kwa miguu. Njia ile aliijua kwa nyayo. Msumbiji aliijua kwa jina tu.

"Mwajabu," nikasema. "Sema kweli. Usiniangalie mie, mwangalie mwalimu. Sema kweli."

Hakuniangalia mie wala mwalimu. Alitazama ile karatasi.

"Mama," Projestus akasema kwa sauti ndogo, "nakuomba."

"Pole sana, mwalimu," akamjibu. "Mungu amweke mahali pema." Na nilijua anatoka moyoni, maana machozi yalimwanguka papo hapo.

Kisha akajifuta kwa ncha ya ushungi, akanyoosha mkono tena, akauweka begani kwangu, pale pale nilipopigwa rungu.

"Huyu ndiye mume wangu," akasema. "Anaitwa Fransis."

Fransis akashusha pumzi. Nilimsikia.

Sajenti akaandika. Alipomaliza akaigeuza karatasi, akasogeza pedi ya wino, akamwonyesha Mwajabu mahali pa kuweka dole gumba.

Akaweka.